Mkondo unakubeba bure, ila nani anakuokota?

Marahaba dada, na hongera kwa cheti. Ngoja nirudie swali lako kwa ufupi ili wengine nao wafatilie. Una cheti cha kwanza cha kuzamia ulichochukulia Zanzibar, umeshashuka mara chache kwenye maji yaliyotulia, sasa kuna watu wamekualika Jumamosi asubuhi mwende na boti nje ya Msimbati, huku kwetu Mtwara, mpige daivu ya mkondo, yani mnashukia sehemu moja maji yanawabeba mnaibukia kwingine na boti inawafata. Mwenzako kakwambia "mkondo unafanya kazi yote, wewe tulia tu". Unauliza kama ni kweli, ununue nini, na ukiibuka boti huioni ufanyeje, afu mwishoni ukasema jioni yake unarudi zako Newala.

Mwenzako hajakudanganya ila kasema nusu. Chini kule ni kweli unatulia, tena ukizoea hutataka daivu nyingine, unapita juu ya matumbawe bila kupiga pezi hata moja, samaki wanakushangaa na wewe unawashangaa. Shida ya daivu ya mkondo haiko chini, iko juu, kwenye zile dakika kumi unapoibuka na kutafuta nani anakuokota. Mtu akiniambia anaenda kupiga daivu ya mkondo sikuulizi una tenki gani wala umeshuka mara ngapi, nakuuliza nahodha wako nani na mmekubaliana nini. Kama hujui jina la nahodha basi hiyo safari bado haijapangwa.

Tuanze na hesabu kidogo maana watu wanasikia neno mkondo wanadhani ni maji ya mto wanayoyaona kwa macho. Mkondo wa kama kilomita 2 kwa saa, ambao ukiwa juu ya boti unauona kama si kitu, unakusogeza mita thelathini na kitu kila dakika. Ukikaa chini dakika 40 umeshasafiri zaidi ya kilomita moja. Ukiwa wa kilomita 4 kwa saa hiyo ni kilomita mbili na nusu, yani umeshukia mbele ya kijiji kimoja unaibukia mbele ya kingine. Na mtu mwenye nguvu zake, na mapezi mazuri, akiwa na tenki na jaketi la kuelea (lile unalolijaza na kulitoa hewa) mgongoni, hiyo kilomita 2 kwa saa anaweza kupambana nayo dakika chache tu halafu anaishiwa pumzi. Kingine ambacho wengi hawakijui, mkondo ukiongezeka kasi mara mbili nguvu inayokusukuma inakuwa mara nne, sio mbili. Kwaiyo habari ya kusema "ukizidi nitapiga mapezi zaidi" ifute kabisa kichwani.

Sasa bahari yetu huku kusini ina mambo yake. Kuna mkondo mkubwa unatoka mashariki, unavuka Bahari ya Hindi, unapita juu ya ncha ya kaskazini ya Madagaska na kuja kugonga pwani ya Afrika maeneo haya haya yetu, kati ya Mtwara na kaskazini ya Msumbiji. Ukishagonga unagawanyika, tawi moja linashuka kusini kwenda Msumbiji, lingine linapanda kaskazini kupita Lindi, Kilwa, Dar mpaka Kenya. Hilo la kaskazini wakati wa kusi linapata nguvu maana upepo nao unasukuma kulekule, wakati wa kaskazi linapungua. Ndo maana ukizamia nje ya miamba mara nyingi utabebwa kuelekea kaskazini na hasa miezi ya kusi unabebwa kwelikweli.

Hiyo ni nje. Midomoni mwa ghuba, kama pale Mnazi Bay au Mikindani, mwenye amri ni maji kujaa na maji kupwa. Yakijaa yanaingia, yakipwa yanatoka, na yakitoka yanatokea kwenye mlango mwembamba kwaiyo yanakimbia. Kila mvuvi wa Msimbati anajua hili bila kusoma popote. Tofauti ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua, yani maji yanapojaa na kupwa kuliko siku zote, kwenye pwani yetu inapita mita 3, hebu fikiria ghuba nzima inyanyuke na kushuka kimo hicho ndani ya saa sita, maji yote hayo yanapita wapi? Na hayapiti kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanasogea kidogo, ya pili yanaongeza, saa ya tatu na ya nne ndo nusu ya maji yote yanapita, afu yanapoa tena. Kwaiyo tofauti ya kushuka saa moja mapema au saa moja baadae inaweza kuwa tofauti ya daivu tamu na daivu ya kutafutwa.

Hapa ndo nafika kwenye Jumamosi yako. Nimeangalia mwezi, unakuwa mpevu Alhamisi. Jumamosi ni bamvua lenyewe, maana bamvua linakuja siku moja mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi kuandama. Na siku za bamvua huku kwetu maji yanakuwa yamejaa mnamo saa kumi alfajiri, yanafika chini kabisa mnamo saa nne asubuhi. Watu wa boti wanapenda kutoka asubuhi asubuhi bahari ikiwa haijachafuka, wanakushusha saa moja saa mbili, na hapo ndo uko katikati ya maji yanayotoka kwa nguvu zote, yanakupeleka nje sio ndani. Injini ikigoma au boti ikikupoteza macho unaelekea bahari kuu. Juu ya hapo, upepo ukiwa unavuma kuja ndani na maji yanatoka, vikikutana mawimbi yanasimama wima, mafupi na makali, na kichwa cha mtu katikati ya mawimbi ya mita moja tu hakionekani hata kwa mita mia mbili tatu.

Kwaiyo jibu langu la Jumamosi ni hapana. Sio hapana ya milele. Waombe muisogeze wiki moja, maji yatakuwa mafu, yanasogea taratibu, na siku za maji mafu asubuhi huwa yanajaa badala ya kupwa, yatafika juu mnamo saa nne saa tano, kwaiyo mkishuka saa tatu hivi mdomoni mwa ghuba, hata mkipotezana na boti maji yenyewe yanawaingiza ndani. Watakwambia maji mafu hayana raha, mkondo hautoshi. Kwa mtu ambaye hajawahi kubebwa unatosha sana. Na wewe usitegemee jedwali tu, muulize na mzee wa pale ufukweni, kwa sababu muda maji yanaposimama kwenye mlango fulani haulingani kila mara na muda wa jedwali, wakati mwingine juu yameshatulia chini bado yanakimbia.

Nahodha sasa. Nahodha mzuri wa kuvua sio lazima awe mzuri wa kufata wazamiaji, ni kazi mbili. Huyu anatakiwa asitie nanga, injini iwe inawaka muda wote mko chini, macho yasitoke kwenye boya wala kwenye mapovu, na asivue samaki pembeni akisubiri (nishawaona, wanatupa mishipi, samaki akikamata boti inasahaulika). Kaeni naye kabla ya kuondoka mkubaliane mambo haya: mnashukia wapi, mnategemea kubebwa upande gani, mnaibuka baada ya dakika ngapi, na mkizidisha dakika fulani bila kuonekana afanye nini na ampigie nani. Muda mwambie wa saa ya mkononi, usimwambie "tutakaa kidogo". Akubali pia kwamba akija kuwaokota anakuja kutokea upande ambao upepo hautamsukuma juu yenu, na injini anaitoa gia mapema, propela isizunguke mtu akiwa karibu. Wewe usimkimbilie, kaa hapohapo mpaka akuite. Boti iwe na redio ya VHF, chaneli 16 ndo ya dharura, na simu iwe kwenye mfuko usioingiza maji maana mtandao maeneo yale unakuja na kuondoka. Ahakikishe pia kuna oksijeni ya huduma ya kwanza ndani. Wakikwambia oksijeni haipo ila "haijawahi kuhitajika", shuka zako nenda kanywe madafu.

Kuhusu kununua, ukiwa na hela ya kitu kimoja tu nunua boya. Lile refu la kujaza hewa, rangi ya machungwa au nyekundu, urefu angalau mita moja na nusu, pamoja na rili yake yenye kamba ya kutosha. Vingine vyote unaweza kukodi, boya liwe lako na ulizoee. Filimbi ifungwe kwenye jaketi, kioo kidogo cha kumulikia jua kiwe mfukoni, tochi pia hata kama ni mchana maana kutafutwa kunaweza kuingia jioni. Na kitu cha kukatia kamba, mkasi au kisu kifupi. Huku kwetu kuna majarife na vipande vya nyavu vilivyokatika, ukiwa unabebwa na mkondo huna breki, wavu unauona ukiwa umeshaufikia. Glovu za kushikia matumbawe sitaki hata kuzisikia, ile ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, toka mwaka 2000 iko hivyo, unalipa kiingilio unaingia unatazama.

Boya ulifanyie mazoezi kabla, sehemu ya maji yaliyotulia, ukiwa na mwalimu. Kulipandisha kutoka mita tano sita kunaonekana rahisi mpaka ujaribu. Unalijaza hewa zaidi ya nusu, linamalizia kujaa lenyewe likipanda kwa sababu hewa inatanuka, unaachia rili izunguke vidoleni. Kamwe usiifunge rili kwenye jaketi lako wakati unalipandisha. Kamba ikikwama linakuvuta juu nawe, na kupanda kwa kasi ndo jambo ambalo mapafu na damu havisamehe.

Kushuka kwenyewe. Kwenye mkondo mnaingia wote pamoja, nahodha akisema twende wote mnaanguka, sio mmoja anarekebisha maski mwingine ameshashuka, sekunde thelathini tu mkondo ukiwa mkali umeshawatenganisha mita ishirini thelathini. Mkishafika chini kaa karibu na mwamba, maji yanapunguza kasi kadri unavyokaribia chini, wanaopenda kuelea juu juu ndo wanatangulia na kupotea. Ukitaka kusimama uangalie kitu jifiche nyuma ya jiwe kubwa, upande ambao mkondo haufiki. Kiongozi wenu abebe boya linaloelea juu muda wote, nahodha afate hilo. Mkipotezana tafutaneni kwa dakika moja, isizidi, afu kila mtu apande taratibu na kusimama pale mita tano dakika tatu kama mkondo na hewa vinaruhusu. Sio mnatafutana robo saa huku mmoja kusini mwingine kaskazini.

Hewa. Tenki la lita 12 likijazwa bar 200 (bar ni kipimo cha presha, unakisoma kwenye geji) lina kama lita 2400. Mtu anayepumua lita 20 kwa dakika juu ya maji, akiwa mita 20 anakula lita 60 kila dakika, na mtu aliyeanza kuhangaika na mkondo anakula mara mbili ya hapo au zaidi. Ndo maana kwenye mkondo nashauri mkubaliane kuanza kupanda mkiwa na bar 70 au 80, msisubiri 50. Na kuna hali moja mbaya inayowapata wanaopigana na maji, mtu anahema haraka haraka na juu juu, hewa chafu inajaa mwilini, anahisi regyuleta (kile kifaa cha mdomoni cha kupumulia) haimpi hewa wakati regyuleta ni nzima kabisa, afu anataka kuitoa mdomoni au kukimbilia juu. Ukijisikia hivyo acha kupiga mapezi, shika jiwe lisilo na matumbawe hai au jiachie ubebwe, toa pumzi ndeeefu mpaka iishe, nyingine itaingia yenyewe. Mpe ishara mwenzio. Mara nyingi inapoa ndani ya dakika moja mbili.

Sasa mkondo wa kukuvuta chini. Upo, hasa pale mwamba unapodondoka ghafla na maji yanapomwagika ukingoni, na nje ya Ruvula kina kinadondoka kwelikweli. Utajua kwa mapovu yako, badala ya kupanda yanazunguka au yanashuka na wewe, na masikio yanaanza kuuma ghafla. Usipige mapezi kuelekea juu ukishindana nao. Toka pembeni, achana na ukuta, uogelee kwa ulalo kwenda nje au sambamba na mwamba mpaka utoke kwenye huo mwagiko, maana kwa kawaida ni mwembamba. Wakati huohuo ongeza hewa kwenye jaketi kidogo kidogo, lakini mkono usitoke kwenye kitufe cha kuitoa, kwa sababu ukishaponyoka ile hewa inatanuka na itakurusha juu. Wa kukusukuma juu ni kinyume chake, toa hewa yote ya jaketi, kaa mbali na ukuta vilevile.

Umeibuka, boti huioni. Hili ndo swali lako kubwa. Kwanza jaza jaketi, regyuleta au snoko (bomba la kupumulia ukiwa juu ya maji) ibaki mdomoni kama mawimbi yanapiga, simamisha boya wima ulishikilie kwa chini liwe limejaa kabisa. Kama uzito unakusumbua dondosha mkanda wa risasi (vile vizito vya kiunoni vya kukushusha), vyuma vinanunulika. Mko wawili au zaidi shikaneni, fungeni kamba ya boya kati yenu, kundi la watu watatu linaonekana mbali kuliko mtu mmoja. Piga filimbi mara tatu tatu, mulika kioo kuelekea upande boti ilipo au unapodhani ipo. Afu msiogelee kuupinga mkondo kwenda mlipotoka! Boti itatafuta kwa kufata maji yanakoelekea, wewe ukipambana unatoka kwenye njia yao na unachoka bure. Kama ufukwe uko karibu na unaweza kuukaribia kwa kukata mkondo pembeni taratibu, fanya hivyo bila kujichosha. Kama hauko karibu tulia. Maji yetu yana joto zuri lakini saa mbili tatu ndani yake mwili unapoa, kwaiyo suti hata nyembamba ina maana, jikunyate, usivue chochote zaidi ya risasi. Mtumbwi au ngalawa ikipita mbali nyanyua boya ulipunge, wavuvi wetu hawapiti mtu, ila lazima wakuone. Mtu wa ufukweni naye awe na nakala ya mpango wenu na muda wa kurudi, ukipita anapiga 112, au moja kwa moja kituo cha utafutaji na uokozi wa majini kule Dar.

Na ukitoka salama ukaanza kusikia viungo vinauma, ganzi, kizunguzungu, ngozi inawasha kwa namna usiyoielewa, usijipe dawa ya maumivu ukalala. Vuta oksijeni, lala chali, kunywa maji, muwahi hospitali, na wakati huohuo mtu apige simu ya dharura ya DAN (shirika la kusaidia wazamiaji), wao ndo wanajua chemba ipi, yani chumba cha presha cha kutibia wazamiaji, inafanya kazi na mnafikaje. Mtwara hatuna chemba, ya karibu ni safari ya ndege, kwaiyo makosa huku yanagharimu zaidi kuliko Zanzibar ulikojifunzia. Kushuka tena majini "ili itoke" ni ujinga, nimesema.

Lingine la Newala, nashukuru umelitaja maana watu wanajua habari ya ndege hawajui habari ya mlima. Kwa ndege ushauri ni kusubiri saa 12 baada ya daivu moja, saa 18 kama umepiga zaidi ya moja. Sasa uwanda wa Makonde, ambako ndo Newala ilipo, sio Mikindani, ile barabara inakupandisha mamia ya mita juu ya bahari, na kwenye kuzamia ukipita mita 300 tayari tunahesabu ni mwinuko, presha ya hewa imepungua, ile nitrojeni ya hewa uliyopumua chini, iliyobaki kwenye damu, inaanza kutoka haraka. Ukitoka majini mchana na kupanda gari saa tisa jioni unajitafutia. Lala Mtwara mjini usiku huo, panda kesho yake mchana, na kama kesho yake asubuhi una ratiba isiyosogezeka basi hata hiyo Jumamosi mtakayoisogezea kaa juu na maski na snoko, wenzio wakizamia wewe kaa pembeni ya nahodha umsaidie kutazama mapovu. Hiyo nayo ni kazi, na utajua kama anayafata au anachezea simu.